Mbegu za Mbari

Kopo la nne lilikuwa limefika nusu, na mbele ya Barke ungo bado ulikuwa na maharage ya kuchambua mpaka adhuhuri ipite. Aliyasogeza kwa kidole moja moja. Marefu ya njano aliyatia kopo la kwanza, mekundu ya mviringo la pili, meusi madogo la tatu, meupe yenye doa kitovuni la nne. Makopo yalikuwa saba, yote ya maziwa ya unga, na kila moja lilibandikwa karatasi yenye maandishi ya kalamu. Harage ambalo hakulitambua alilifuta vumbi kwa ncha ya mtandio wake, akaligeuza juani, na lilipoendelea kumkatalia aliliweka kando juu ya jani la mgomba.

Upande wa pili wa baraza Verediana alikuwa anamenya ndizi za mchana. Nyumba ilikuwa yake na ya mumewe Bonaventura, lakini maharage yalikuwa yake peke yake, maana katika nyumba ile mbegu ni mali ya mama. Yeye ndiye aliyeyachanganya. Kila msimu aliyapanda hivyo hivyo, rangi zote pamoja, kwa sababu mvua ikizidi yapo yanayostahimili, ikikata yapo mengine, na haujawahi kutokea mwaka uliomnyima yote. Kumwona msichana wa watu anakaa siku ya tatu kuyatenganisha kulimshangaza. Tangu asubuhi walikuwa wamesemezana mara mbili, mara ya kwanza juu ya chai, mara ya pili juu ya jua.

Ilikuwa Ijumaa. Kabla ya saa kumi jioni Barke alitakiwa ampe jibu mratibu wao, Bwana Danstan, aliyekuwa Biharamulo mjini: anabaki Keza kwa wiki tano zilizosalia, au anahamia hosteli kwa wenzake. Kitanda kilikuwa kimoja, na alikuwapo mwingine anayekitaka. Jibu Barke alikuwa nalo tayari. Angebaki. Alitaka tu amalize makopo kwanza, ndipo apande juu ya kichuguu nyuma ya migomba, mahali pekee ambapo simu yake ilishika mtandao, aandike neno hilo moja.

Barke alikuwa mwanafunzi wa kilimo wa mwaka wa tatu. Kwao ni Lamu, chuo chake kiko Kenya, na muhula ule alikuwa miongoni mwa wanafunzi tisa waliotoka nchi mbalimbali kuja kusoma Tanzania, katika hosteli au kwa familia za wakulima. Walipogawiwa makao, wale wasiojua Kiswahili waliwekwa hosteli ya mjini, wawe pamoja na wapate mkalimani. Barke alipelekwa wilaya ya Ngara, kata ya Keza, peke yake.

"Wewe hutapata shida," Danstan alimwambia siku ya kumleta. "Lugha ni yako."

Naye aliamini hivyo. Alikulia kwa bibi ambaye angeweza kumrekebisha mtu ngeli hata katikati ya kilio cha msiba. Aliona haya kidogo kuwaaga jirani zake kwamba anakwenda ng'ambo. Ng'ambo gani hiyo ambayo mtu anaamka asubuhi na kusalimiwa kwa lugha yake mwenyewe?

Keza ilimjibu taratibu. Lugha ya nyumba ilikuwa Kihangaza. Kiswahili kilikuwa kama nguo ya kutokea, cha shule na soko na ofisi ya kata, na cha mgeni. Kilitolewa kabatini Barke alipoingia, na alipotoka kilikunjwa kikarudishwa. Jioni alisikia jikoni sauti ya Verediana na ya Anneth, kitindamimba wake, zikipandiana, kicheko juu ya kicheko. Akisogea mlangoni, kimya. Mtu ananyanyuka kwenye kigoda. "Karibu mgeni." Kisha yanafuata maswali kama ya kitabu cha darasa la tatu: umeshindaje, kwenu kuna baridi, kwenu mnalima nini. Akishayajibu hapakuwa na lingine, wakabaki wote watatu kuisikiliza sufuria inavyochemka.

Hakuna aliyemtendea ubaya, na hilo ndilo lililomfanya akose hata pa kushika alalamike. Walimnunulia sufuria yake mpya, isiyowahi kupikiwa kitu ambacho dini yake inakikataa. Kuku akitaka kuchinjwa, Bonaventura alimfunga miguu, akampandisha baiskeli na kumpeleka mpaka kwa mzee Sadiki, Mwislamu aliye senta, kwenye maduka, amchinje yeye, kisha akarudi naye mlima wote ule. Sebuleni palikuwa na kiti kimoja chenye kitambaa cha kufuma, nacho kilikuwa cha Barke. Alikula humo na Bonaventura, mzee mpole aliyetafuna polepole na kumkaribisha ndizi kila baada ya tonge la tatu. Jembe hakupewa. Kuni hakuachiwa. Siku moja aliamka mapema akafagia uwanja kabla ya wengine, na Verediana alipotoka na kuona alisikitika mpaka Barke akajiona kama mtu aliyeiba.

Tena palikuwa na yale ya masikio. Katika kinywa cha Verediana na cha mumewe herufi l haikuwa na makao. Chakula kilikuwa chakura, kulala kurara, leo reo. Wiki ya kwanza Barke alikuwa akifasiri. Ya pili sikio lilikuwa linanyoosha lenyewe bila kumuuliza. Naye hakuwa salama kwao. Mchana mmoja, akiwa na furaha ya kupata barua pepe kutoka kwa mwalimu wake, alimwita Anneth kwa Kiamu cha kwao, "Ndoo, Anneth, ndoo," yaani njoo. Anneth akaja mbio na ndoo ya maji, akauliza moto umeshika wapi. Walicheka kidogo. Lakini tangu siku hiyo Barke akawa anachuja maneno kabla hayajatoka, anaacha ya nyumbani na kusema ya shuleni. Ya nyumbani aliyasema kichuguuni tu, na mama yake, pale simu iliposhika, na mara nyingi haikushika.

Mwisho wa wiki ya tatu alipanda kichuguuni akamwandikia Danstan kwamba angependa kuhama. Hakutoa sababu. Danstan, ambaye hakuwa mtu wa kuchimba, alimjibu kwamba kitanda kitapatikana wiki ya tano.

Wiki ya nne, siku ya Alhamisi, ndipo yalipotokea mambo mawili yaliyomgeuza nia.

La kwanza lilikuwa la mbegu. Kazi aliyopewa na chuo ni kueleza mchanganyiko wa mkulima mmoja: zimo aina ngapi, kila aina ilitoka wapi, na kwa nini imebakizwa. Alimwonyesha Verediana punje za aina zote saba katika kiganja, akauliza asili ya kila moja. Nne Verediana alisema ni za hapa hapa. Tatu, za njano, nyekundu na nyeupe zenye doa, alizitenga kwa kidole na kusema, "Hizi ni za mbari."

Barke alisita. Kwao Lamu mbari ni ukoo. Mtu akitaja jina lake, kitu cha pili anachoulizwa ni mbari yake. Kumbe hapa pia neno lipo, tena kwa mbegu: mbegu za ukoo, zinazorithishwa. Aliandika usiku huo nusu ukurasa mzima, kwa mwandiko mzuri, juu ya mbegu za mbari.

La pili lilikuja jioni ya siku ile ile. Luhende, mfugaji aliyehamia kutoka Shinyanga na ambaye boma lake liko ng'ambo ya bonde, alipita kumuuliza Bonaventura habari za malisho. Kwa kuwa mmoja ni Msukuma na mwingine Mhangaza, walizungumza Kiswahili, na Barke aliyekuwa anaanua kanga zake kwenye kamba aliyasikia yote. Luhende akamtazama.

"Na huyu binti? Mtoto wa nani?"

"Huyu ni wa mbari," akasema Bonaventura.

"Aa. Basi ng'ombe watakwisha kwato."

Wazee walicheka, na Barke naye akacheka, ingawa utani wa ng'ombe hakuuelewa. Alidhani ni masihara ya Kisukuma. Alizikunja kanga pole pole. Wa mbari. Hakuulizwa kama ni mtu wa Kenya, hakuulizwa kama ni mwanafunzi. Aliulizwa mtoto wa nani, na yule mzee mpole wa matonge matatu akajibu kwamba ni wa ukoo.

Kwa siku nane zilizofuata aliishi kwa neno hilo. Kimya cha jikoni kilikuwapo kama zamani, kigoda kiliachwa kama zamani, lakini sasa alikifasiri vingine: labda ndivyo watu wa ukoo wanavyokaa hapa. Alimwandikia Danstan asubiri kidogo. Danstan akamjibu asubiri mpaka lini, mwenzake anakitaka kitanda. Basi mwisho Ijumaa, saa kumi.

Saa nane mchana Anneth alirudi kutoka Mbuba, anakojifunza kushona kwa cherehani. Alishuka kwenye pikipiki huku amejifunga mfuko wa vitambaa mgongoni kama mtoto. Alimsalimia mama yake kwa Kihangaza, maneno mengi, kisha akamgeukia Barke na kumuuliza ameshindaje. Barke akasema salama. Ungo ulikuwa umebaki na kiganja kimoja hivi, kwa hiyo Anneth alichuchumaa kusaidia, na mikono yake ikawa mepesi kuliko ya Barke mara tatu. Alifika kwenye kopo la kwanza, akainamisha kichwa kusoma karatasi, akaanza kutabasamu.

"Umeandika kama anavyosema mama."

"Nimeandikaje?"

"Mbari." Anneth alilitamka kwa r iliyoviringishwa, kwa kumwigiza mama yake, kisha akalisahihisha kama mwalimu. "Mbali. Mbegu za mbali. Mwalimu wetu wa darasa la nne angekuchapa, wewe na chuo kikuu chako."

Barke alilitazama kopo. Akauliza, kwa sauti ya kawaida, kwani zimetoka wapi. Anneth alieleza huku anachambua. Za njano zililetwa na shangazi Leonsia aliyeolewa Burundi, alipokuja ubatizo mwaka juzi. Nyekundu mama alizinunua sokoni Biharamulo msimu ambao panya walikula za kwao. Nyeupe za doa hakumbuki nani alizileta, lakini si za hapa. Hata kuiva zinachelewa, hazijazoea.

Verediana alikuwa ameshaingia jikoni na ndizi zake. Anneth akamfuata. Barke alibaki na makopo saba, na ule utani wa Luhende ukamrudia ukiwa sasa una maana. Binti wa mbali. Ng'ombe wa mahari watembee mpaka huko kwao. Ndiyo maana kwato zao zingekwisha. Wazee wawili walicheka umbali wake, naye akasimama pembeni na kanga mkononi akacheka pamoja nao, akidhani amepewa ukoo.

Hakulia. Alifunika makopo, akachukua simu na daftari, akapita migombani mpaka kichuguuni.

Huko juu palikuwa na upepo. Ungeweza kuona njia ya miguu inavyoshuka bondeni, na pikipiki moja ndogo kama mdudu ikipanda ng'ambo ya pili. Alimpigia mama yake. Simu iliita, ikakatika, akapiga tena, ikaita mpaka ikachoka. Ilikuwa saa tisa na robo. Akafungua ujumbe wa Danstan, akaandika: *Nitakuja. Naomba gari kesho asubuhi.* Aliusoma. Haukuwa na kosa lolote. Ulikuwa ndio ujumbe aliotaka kuandika wiki mbili zilizopita, na angeuandika wakati ule asingejiona mjinga.

Kidole kilikuwa juu ya kitufe, na kilichomzuia hakikuwa huruma wala tumaini. Yalikuwa yale makaratasi. Makopo matatu ya mbegu za mtu yalikuwa yameandikwa uongo, na mwandishi wa uongo ni yeye. Alikuwa amemsikia Anneth, lakini mbegu hazikuwa za Anneth. Alifikiri: siwezi kuondoka nikaacha jina baya kwenye mali ya mtu. Nitamuuliza mwenyewe, nisahihishe, ndipo nitume. Muda ulikuwapo.

Verediana alikuwa jikoni peke yake, anapuliza moto. Anneth alikuwa amekwenda kisimani. Barke aliingia na makopo matatu kifuani, na kama kawaida Verediana alinyanyuka kumpisha kigoda. Barke hakukaa. Alichuchumaa chini, akayapanga makopo kwenye sakafu ya udongo.

"Samahani mama, nauliza tena. Hizi ni za mbali au za mbari?"

"Ndiyo," akasema Verediana. "Za mbari."

"Mbali, au mbari?"

Verediana alimtazama mdomo, kwa makini, kama mtu anayetafuta tofauti ya shilingi mbili zilizofanana. "Umesema neno moja mara mbili," akasema.

Basi Barke akaeleza. Alieleza vizuri, maana kueleza alikuweza: kwamba kuna mbali ya safari, na kwamba kwao kuna mbari, watu wa babu mmoja, na kwamba yeye aliandika hii ya pili. Akafika hapo akaona ni heri amalize. Akasema kwamba hata siku ile Mzee alipomjibu Luhende, alisikia hiyo ya pili.

Moto ulikuwa umeshika. Verediana alikaa juu ya gogo la kuni, si kwenye kigoda, akaweka mikono magotini. Barke aliona anatafuta maneno, na kwa mara ya kwanza hakumsaidia.

"Hao watu wa babu mmoja," akasema mwishowe, "sisi tunawaita umuryango."

"Mlango?"

"Umuryango. Na mlango wa kuingilia nao ni umuryango."

"Na kwetu pia," Barke akasema. "Ukoo una milango. Mtu anaulizwa, wewe wa mlango gani."

Verediana aliutazama mlango wa jiko, ubao mmoja uliofungwa kwa kamba ya mkonge, akatikisa kichwa taratibu kama aliyeonyeshwa kitu chini ya kitanda chake mwenyewe. Kisha uso ukatulia.

"Siwezi kukudanganya, mwanangu. Umuryango ni wa kuzaliwa, au wa kuolewa. Wewe ni wa mbari. Mama yako yuko mbari, na mimi kila nikikuona nafikiri huyo mama. Nikuambie nini kingine?"

"Hakuna," akasema Barke. Lilimuuma, lakini liliuma mahali pamoja, si mwili mzima. "Nilitaka kujua niandike nini."

"Unaondoka." Haikuwa swali. Danstan alikuwa amempigia Bonaventura juzi kumpa taarifa kwamba binti huenda akahama, na nyumba nzima ilikuwa inajua tangu juzi, na hakuna aliyejua mgeni aambiweje jambo la namna hiyo.

"Ndiyo, mama. Nadhani."

"Ni chakula?"

"Si chakula."

"Ni nini?"

Barke alisema kwamba akiingia wananyamaza. Alilisema kwa maneno hayo hayo, bila kulipamba, na alipolisikia limetoka aliona lilivyo dogo na aibu ikamshika. Lakini Verediana hakuliona dogo. Alifunika uso kwa kiganja kimoja, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha, na akasema maneno mengi kuliko aliyowahi kumwambia tangu aje.

"Mimi nilisoma mpaka darasa la nne. Kiswahili changu ni cha sokoni na cha kanisani. Asubuhi ninacho. Nakupa marahaba yako, nakupa chai, nakupa habari. Ikifika jioni kimeisha. Ukiingia hapa, mimi na Anneth tunanyamaza kwa sababu tunatafuta. Tunatafuta, tunatafuta, tukikipata cha kukuambia, wewe umeshatoka."

Barke alibaki amechuchumaa. Alikumbuka kila jioni aliyosimama mlangoni kwa hesabu ya moja hadi kumi, akaondoka kwa adabu ili asiwasumbue.

"Basi msitafute," akasema. "Semeni chenu."

"Mbele ya mgeni? Si vizuri. Mgeni hasikii, tunaongea, anachekwa nani? Watu watasema tunakusengenya."

"Nisengenyeni."

Verediana alimwangalia kuona kama ni matusi.

"Nisengenyeni tu, mama. Nitakaa. Sitasikia kitu. Ila msinyamaze."

Safari hii Verediana alicheka kweli, mpaka akakohoa moshi. Alisema kwamba Anneth ana mengi ya kusema juu ya jinsi Barke anavyomenya ndizi, na kwamba hayo kwa Kiswahili yasingekaa vizuri hata kama wangekuwa na maneno. Barke akauliza anamenyaje. Verediana akasema: kama mtu anayemvua maiti nguo. Kisha akatazama jua la mlangoni na kuuliza Danstan anangoja mpaka saa ngapi.

Ilikuwa imebaki robo saa. Barke alikimbia migombani na mtandio ukamtoka kichwani. Kichuguuni aliufuta ujumbe wa kwanza, herufi kwa herufi, maana simu yake ilikuwa nzito. Alifikiri juu ya hosteli: wenzake wanne chumba kimoja, taa, muziki, watu wa kumuuliza siku yako ilikuwaje na kungoja jibu. Huko asingekuwa mgeni wa mtu. Hapa angekuwa mgeni mpaka siku ya mwisho, ameambiwa hivyo uso kwa uso. Akaandika: *Mpe mwenzangu kitanda.* Akatuma, na kabla simu haijathibitisha mtandao ukapotea. Akaiinua juu kwa mkono wote, akasimama kwa vidole vya miguu, mpaka ilipolia.

Jioni, kabla giza halijaingia, alikaa jikoni. Alikaa kwenye kigoda, na Verediana kwenye gogo, na Anneth juu ya ndoo iliyofudikizwa. Mwanzoni ilikuwa vibaya. Anneth alisema sentensi moja ya Kihangaza akamtupia jicho Barke, akanyamaza. Mama yake akamjibu kwa sauti ya makusudi, kama mtu anayesoma tangazo. Kimya tena. Barke aliinamia kisu chake na ndizi yake. Kisha Anneth akakumbuka jambo lililotokea Mbuba, la fundi wao na mteja aliyerudisha sketi, akalianza polepole, likamchukua, na alipofika katikati alikuwa amesahau kwamba kuna mtu. Mama alimkatiza, akamkatiza mama. Kicheko juu ya kicheko.

Barke hakuelewa hata neno moja. Alisikia Mbuba, akasikia sketi, na baadaye kidogo akasikia jina lake likipita, Barike vinywani mwao, kwa haraka, na wote wawili hawakumtazama. Upweke haukuondoka. Ulikuja ukakaa naye pale pale karibu na moto, mpana zaidi kuliko ule wa sebuleni, kwa kuwa sasa aliona ukubwa wa nyumba aliyokuwa nje yake. Lakini hakuna aliyekuwa akimngoja aseme kitu. Mabega yalimshuka. Alimenya ndizi nne, akaanza ya tano.

Bonaventura alirudi kutoka shambani, akachungulia sebuleni, akakiona kiti cha kitambaa kitupu. Alikuja mpaka mlango wa jiko akasimama hapo na jembe begani, mwenye wasiwasi.

"Mgeni," akasema, "karibu sebuleni."

Verediana alimjibu kwa Kihangaza, jibu refu lenye vituo viwili. Mzee alisikiliza, akamtazama mkewe, akamtazama Barke na kisu chake. Aliegemeza jembe ukutani. Kisha akaketi kizingitini, kwa kuwa ndani hapakuwa na nafasi, akaomba maji, kwa Kihangaza, kwa yeyote atakayempa. Barke hakujua ameomba nini mpaka Anneth alipoinuka.

Chakula kilipokuwa kinaiva Barke alivuta yale makopo matatu. Alikata mstari juu ya neno *mbari* katika kila karatasi, mstari mmoja ulionyooka, chini yake akaacha nafasi. Za njano aliandika: *shangazi Leonsia, Burundi.* Nyekundu: *soko la Biharamulo.* Kwa zile nyeupe zenye doa aliinua kopo na kumwonyesha Verediana kwa ishara, nani alizileta. Verediana alichukua punje mbili akazigeuza kiganjani. Alianza kusema, akasita, akamuuliza mumewe. Bonaventura akasema jina, Verediana akalikataa, Anneth naye akaingia na la kwake, na kwa muda ule watatu walibishana kwa sauti juu ya punje mbili. Lilikuwa jambo la miaka mingi, inaonekana, na lilikuwa na watu wengi ndani yake. Kalamu ya Barke ilingoja juu ya karatasi.

Hatimaye Verediana alirudisha punje koponi, akabonyeza kifuniko kwa kiganja. Mwanga ulikuwa umekwisha, na sufuria ilitaka kuepuliwa. Bado kulikuwa na lile rundo la juu ya jani la mgomba, maharage yasiyotambulika, ambayo yote yalihitaji kuulizwa, na makopo mengine manne ambayo Barke sasa hakuwa na uhakika nayo hata kidogo.

"Ejo," akasema Verediana.

Barke alimtazama Anneth.

"Kesho," Anneth akafasiri. Akafikiri kidogo. "Na jana ni neno hilo hilo. Lakini hapa amesema kesho."

Barke aliliandika pembeni mwa daftari, akaacha safu ya asili ya zile nyeupe ikiwa tupu, na akainuka kushika upande wa pili wa sufuria.